Kofia ya jino la Mama Zuhura

Jumanne jioni

"Imekaa vizuri, daktari." Ndivyo alivyosema Mama Zuhura wiki iliyopita, nilipombandikia kofia ya kufunika jino la nyuma, upande wa kulia. Akapanda boti kurudi kijijini kwao Ilagala.

Leo kamleta mumewe kung'olewa jino. Wakati anasubiri alikuwa anakula samaki, mgebuka, nikaona anatafuna upande wa kushoto tu. Nikamkalisha kwenye kiti, nikachungulia. Kofia imeacha upenyo pembeni, kichuma changu cha kupimia kinazama humo.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, mwanangu? Ulivyohangaika na ile mashine yako mpya, nikuaibishe mbele za watu?"

Nimechoka hata kujitetea. Siku ya kumpiga picha za kinywani kwa mashine hiyo, zile zinazotumika kuchongea kofia, nilikuwa na haraka, sikukausha mate vizuri kwenye ukingo wa fizi. Pale penye mate mashine ilijaza picha yenyewe kwa kukisia, kisha ikaniwekea alama ya kijani kwamba vipimo viko sawa. Nami nikaiamini.

Kesho naikata ile kofia, tunaanza upya. Hilo si tatizo.

Tatizo ni wale wengine tisa niliowapima na kuwawekea kofia kwa mashine hiyohiyo. Wote waliniambia imekaa vizuri.