Blenda Nyuma ya Kisogo Changu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, andika tu.

Mume wangu kaniwashia blenda. Nyuma ya kisogo, nikiwa naongea na mama kwenye simu. Eti anipime kama nitaiweza ndege ya kesho.

Blenda. Mimi ambaye kijiko kikigonga sahani nahisi nimechomwa sindano.

Nimepiga ukelele hadi simu ikaanguka. Sasa ule mlio wa masikioni umepanda, ni kama filimbi isiyovuta pumzi. Daktari anasema ndege inaweza kuuzidisha, au isiuguse kabisa. Hilo nalo ni jibu?

Nilipookota simu, mama ananinong'oneza. Mama yangu, yule ambaye akiniita mimi mtaa mzima unageuka. Ananong'ona, "Usije, mwanangu. Nitapona tu." Yuko hospitali, keshokutwa anapasuliwa, na bado ananilindia masikio.

Ananong'ona, mwenzangu.

Nikienda, huenda mlio huu usishuke tena maishani. Nisipoenda, na yeye asipoamka, nitabaki na mlio na ule mnong'ono.

Kesho njoo unipeleke uwanja wa ndege. Njiani usiseme kitu, nishike mkono tu.