Idhini ya Kung'oa Jino la Tekla

Jumamosi, 4 Machi 1950
Mume wangu Eustakio kaja kutoka kambi ya mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea. Karani wa stoo! Kaingia kwetu Ruponda na viatu vya ngozi kwenye tope hili, mkononi makopo matatu ya maziwa mazito yenye sukari. Eti watoto wa Wazungu hunywa hayo, ndiyo maana wana mashavu. Mihogo ya kuchoma kaipiga marufuku — chakula cha kishenzi. Tekla wetu, miaka mitano, kalamba kopo mpaka pua ikanata. Mashavu kweli anayo. La kushoto limevimba.

Kwaresima hii nilikusudia kujinyima kumsema mume wangu. Nimeshindwa kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 6 Machi
Bwana karani kaondoka jana baada ya misa. Jino la Tekla linauma tangu asubuhi. La nyuma, jeusi, shimo lake lameza mbegu ya ufuta. Shamba halijapaliwa — nikimbeba analia, nikimweka chini analia zaidi. Mama kachoma mbegu za ntulantula, yaani tunguja, kamfukizia mdomoni, mdudu wa jino atoke. Mdudu hakutoka. Alitoka Tekla, mbio.

Alhamisi, 9 Machi
Uji haupiti. Kaka yangu Filbert kaja, kasema ling'olewe. Kwetu Wamakua mjomba akisema, imekwisha. Lakini Eustakio alipokuja kuposa alitutangazia kwamba mambo ya mjomba yamepitwa na wakati, mtoto ni wa baba. Haya. Na dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya Nachingwea, naye hagusi mtoto bila barua ya baba. Nimempa dereva wa lori barua yangu ampelekee Eustakio.

Jumapili, 12 Machi
Jibu limekuja, na kopo lingine juu yake.

“Msing'oe. Binti mwenye pengo ataniaibisha. Mpe maziwa, atanyamaza.”

Wiki hii haji, ana kazi nyingi. Kazi gani! Kakimbia kilio.

Nami nikampa hayo maziwa. Nilitaka anyamaze tu, nipumzike kidogo. Kanyamaza kidogo, kisha kapiga yowe hata majirani wakaja. Najichukia leo.

Jumatatu, 13 Machi
Jicho la kushoto limefumba. Homa. Magugu yameufunika ufuta, yaufunike — namwogopea mtoto.

Nimechana karatasi ya daftari hili. “Mimi Eustakio, baba wa Tekla, naruhusu jino ling'olewe.” Herufi zake nazijua, kubwa kubwa zenye madaha, kama mwenyewe. Masista walinifundisha kuandika. Kughushi nimejifundisha leo. Padre atanisikia Jumamosi, na sitasema najuta.

Jumanne, 14 Machi
Naandika hapa benchini, zahanati, Nachingwea. Filbert alitupandisha lori la asubuhi, tukakwama topeni mara mbili. Tekla hana nguvu hata ya kulia.

Nikamkabidhi dresa barua. Kaisoma, kanitazama, kaisoma tena. Kisha kaniambia mbona baba mwenyewe yumo ndani.

Yumo! Eustakio! Kitambaa kimemzunguka kichwa mpaka kidevuni, mdomo umejaa pamba. Katolewa magego mawili asubuhi hii hii. Dresa anasema wiki mbili alikuwa anakuja, akiona koleo anarudi kambini. Kazi nyingi, ee!

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

Dresa kamwonyesha karatasi.

“Hii umeandika wewe?”

Kajua papo hapo kwamba si yake. Kusema hawezi, pamba. Kanikodolea macho. Mimi nikambandua Tekla mgongoni, nikamsimamisha mbele yake. Mtoto kampanulia baba yake mdomo, bila kuambiwa na mtu. Harufu ikamfikia.

Dresa kaenda kuchemsha koleo, kasema akirudi anataka jibu, kichwa juu ni ndiyo, kichwa pembeni ni hapana. Eustakio bado kaishika karatasi kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka — ya magego yake au ya mwanawe, sijui. Koleo linagongana na sufuria huko ndani. Dresa anarudi. Kichwa hakijatikisika.