Sinema Nyuma ya Shuka

Ijumaa, 27 Novemba 1970

Amekubali. Bi Khole amekubali! Naandika haraka kabla hajabadili mawazo, kana kwamba kuandika kutamzuia.

Tangu mfungo uanze namzungukia mkwe wangu huyu. Wale wa elimu ya watu wazima walipokuja kuniomba niwafundishe wanawake wa mtaa wetu kusoma, alinijibu kwa neno moja – haiwezekani. Mke wa nyumba hii hatoki mchana kwenda kusimama mbele za watu. Yeye mwenyewe tangu aolewe hapa hatoki mchana ila kwa msiba au hospitali. Nikamwendea Humaidi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mbele ya mama yake ni kama vile vitambaa vya dukani kwake, anakunjika anavyokunjwa. Akasema, muulize mama.

Nikaona nisimuulize tena. Nimtoe nje kwanza. Akishaona kwa macho yake kwamba mwanamke anaweza kutoka juani na kurudi na heshima yake, habari ya kisomo itakuja yenyewe. Sasa, sinema ya mjini ina onyesho la wanawake peke yao kila Idd Pili, saa nane mchana. Mwanamume hakanyagi, hata tikiti anakata mke wa mwenye sinema. Leo namkanda miguu nikamweleza yote hayo. Halafu akauliza, hata mlangoni hakuna mwanamume? Hata mlangoni, mama. Basi nitolee buibui langu lile jipya, akasema.

Darasa linafunguliwa Alhamisi baada ya Idd, saa tisa, pale shule ya msingi. Nisipofika atawekwa mwingine, mwenyekiti wa tawi kaniambia bila kuficha. Naye ana haki. Mimi nilisoma hadi darasa la nane, nikaja kuwasomea watu humu ndani vibandiko vya dawa ya kikohozi. Nalitaka darasa lile. Nalitaka mpaka usingizi unanipaa.

Jumapili, 29 Novemba

Mvua. Mvua tu.

Buibui limetundikwa, chumba kizima kinanukia udi. Bi Khole kauliza kama kwenye sinema watu huvua viatu. Nikasema hapana. Hakuridhika. Kauliza tena kama kuna mahali pa kutawadhia.

Jirani yangu Swaumu, wa kwanza kujiandikisha kwenye kisomo, kaniita juu ya ukuta wa uani: vipi? Nikamwambia bado, lakini mambo yanaiva. Akasema yeye keshanunua penseli, na nikimwangusha hatanipa tena hata kaa la moto.

Jumanne, 1 Desemba. Idd Mosi

Mwezi umeandama, alhamdulillahi. Pilau, tambi, vileja. Maua kavaa gauni jipya na kabla ya saa nne keshalichafua kwa tope. Binti yangu huyu!

Kaka yangu Nassibu katutokea bila taarifa, na gari lake la sinema – lile la serikali analozunguka nalo vijijini kuonyesha watu filamu za kilimo na afya. Alikuwa aende Sikonge, barabara imekuwa uji, kageuza. Kaliegesha mbele ya mlango wetu. Kamletea Bi Khole dumu la asali ya safari iliyopita. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Na hilo libanda lako la magurudumu litakaa mlangoni kwangu mpaka lini?" Mpaka njia ikauke, mama. Akaonja asali, akasema basi lisisogezwe.

Kesho. Saa nane. Ee Mungu.

Jumatano, 2 Desemba. Idd Pili

Asubuhi. Hakuna sinema. Mvua imezoa tuta la reli, treni imekwama Tura, na mikanda ya filamu imo ndani yake. Humaidi kaileta habari kutoka sokoni, kaitua kama mtu anayetua gunia.

Bi Khole alikuwa keshavaa! Wanja, viatu, buibui, kila kitu. Akasimama katikati ya chumba, akavua kimoja kimoja, akakunja. Akasema, Mungu hakupenda. Sauti yake ilikuwa na nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyoniumiza. Kesho ndiyo Alhamisi. Sasa nitamwambia nini mtu ambaye Mungu keshamjibu? Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu. Maua akasema, mama, vitunguu viko wapi?

Nikatoka kupunga hewa. Mbele ya macho yangu, gari la Nassibu.

Baada ya wageni kuondoka. Naandika yote, nisisahau hata moja.

Nilimwamsha Nassibu kwenye mkeka. Nikamwambia, utatuonyesha sinema hapa nyumbani jioni hii. Akasema haiwezekani, lile gari ni la wananchi. Nikamuuliza, na sisi ni akina nani? Akajikuna kichwa. Akasema filamu aliyonayo ni moja tu, ya kisomo, mama wa kijijini anajifunza kusoma. Nikajizuia nisicheke. Nikasema hiyo hiyo inatutosha.

Bi Khole hakukataa – ni nyumbani kwake, uani kwake, atakaa kwenye mkeka wake. Katoa mwenyewe shuka la bafta sandukuni, jeupe, jembamba. Likatundikwa pale pale panapotundikwa pazia kila tunaposoma maulidi, kwenye misumari ile ile, katikati ya ua. Wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa jikoni. Hakuna aliyesema likae hivyo. Ndivyo ua wetu unavyogawanywa siku zote, mikono ilikwenda yenyewe. Nassibu akaweka mashine yake mlangoni, jenereta ikaunguruma, na baada ya sala ya Isha watu wakakaa. Upande ule Humaidi, majirani, na Mzee Mfaume, rafiki wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unaliogopa jicho lake. Upande wetu Bi Khole, mimi, Maua, Swaumu na wenzake. Vileja na kahawa vikapita. Mvua ilikuwa imekata, Mungu ambariki aliyeikata.

Shuka likawaka. Swaumu akasema "mayo wee," akanishika paja.

Maandishi yakaanza. Bi Khole anasoma Kurani na huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hizi za shule hazijui. Akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema, afadhali, na wao wanaandika kuanzia kulia kama watu. Mimi nami sikustuka! Mimi mwalimu! Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama shuka.

Kisha familia ya kwenye filamu ikakaa kula. Baba akanyoosha mkono kwenye ugali. Wa kushoto. Mama, wa kushoto. Watoto wote, wa kushoto. Akaingia mgeni, mzee wa heshima zake, akapewa mkono wa kushoto na akaupokea kwa wa kushoto.

Bi Khole akaweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ambayo hata jenereta haikuifunika: "Nassibu! Zima. Sikukuu yangu, uani kwangu, watu wanakula kwa mkono wa kushoto? Hao ndio wanaotaka kutufundisha?"

Mzee Mfaume, kutoka upande wa pili, polepole: "Bi Khole, mbona wanakula kwa wa kulia?"

"Mfaume, macho yamekuishia."

Darasa langu linazama mbele yangu kwa sababu ya tonge la ugali. Halafu nikaona. Nikamsogelea sikioni. Mama, nikasema, wao wanakula vizuri. Sisi ndio tuko nyuma.

"Nyuma ya nini?"

Nyuma ya shuka, mama. Mwanga unapigwa upande ule. Wanaume wanaona kilivyo, sisi tunaona kimegeuka. Nikamgeuzia kanga yangu, nikamwonyesha upande wa ndani, ua lililokuwa kulia liko kushoto. Akaushika upindo ule muda mrefu. Akaugeuza. Akaugeuza tena.

"Na kwenye maulidi? Huko nako tunakaa nyuma?"

Nikasema maulidi ni ya kusikiliza, mama. Akasema "hm."

Akainuka. Akajifunga mtandio vizuri, akakohoa kikohozi chake kile cha kuwapa wanaume taarifa, na kabla sijamshika akazunguka shuka. Mkwe wangu! Niliona kivuli chake kikipita juu ya ile familia na ugali wao. Nami nikamfuata, ningefanyaje? Wanaume wote walikuwa wametazama chini kama waliodondosha sindano. Humaidi alikuwa wima, mdomo wazi. Bi Khole akasimama akalitazama shuka kwa upande wa mbele, akaona mikono ya kulia, akaridhika. Kisha akawageukia.

"Hamieni nyuma," akasema. "Nyinyi mnakwenda msikitini, mnakwenda sokoni, mkono wa kulia mnaujua. Mkiona wa kushoto hamtapotea. Sisi tuacheni tuone mambo yalivyo."

Mzee Mfaume ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akachukua kiti chake mwenyewe, akaenda upande wa jikoni, na wengine nyuma yake. Humaidi kabeba viti mara mbili. Nilimwona akipita nacho kimoja kichwani, nikampenda sana mume wangu. Wanawake wakahamia mbele na mikeka yao, Swaumu anacheka mpaka anapaliwa na kileja.

"Nassibu, mwanangu. Anza mwanzo."

Nassibu akarudisha mkanda. Tukaangalia filamu nzima, mbele, na wanaume nyuma wananung'unika hawawezi kusoma. Swaumu akawajibu hata sisi hatuwezi, lakini sisi tumejiandikisha.

Ikafika pale mwalimu anaposimama ubaoni, mwanamke wa umri wangu, kajitanda kanga. Bi Khole akaniinamia. Huyo ni mke wa mtu? Ni mke wa mtu, mama. Na mkwewe yuko wapi, kamruhusu? Kwenye filamu kulikuwa na bibi mmoja kakaa dawati la mbele, mkongojo pembeni. Nikasema, yule pale, ndiye mkwewe. Mungu anisamehe, ilikuwa Idd, na ulimi uliteleza mwenyewe. Bi Khole akamtazama yule bibi mpaka mkanda ukaisha. Kaenda kulala bila kunijibu usiku mwema.

Lakini kavuka shuka. Liwalo na liwe kesho, mkwe wangu kavuka shuka lake mwenyewe na wanaume wakahama!

Alhamisi, 3 Desemba

Saa nane na kitu. Nimeketi kitandani, chaki ziko mfukoni, sina la kufanya na mikono yangu zaidi ya kuandika.

Nassibu kaondoka asubuhi kwenda Sikonge. Kabla hajawasha gari Bi Khole alimwita mlangoni, wakazungumza. Nassibu akacheka kwa nguvu, akanipungia, akaondoka. Sijui kaulizwa nini, nilisikia filamu tu ikitajwa. Najua amejibu.

Mchana Bi Khole amekula, ameswali. Mimi nikavaa buibui langu, nikasimama mlango wa uani, ule tunaotokea wanawake, nikasubiri neno. Humaidi kafunga duka mapema, kasimama nyuma yangu. Akasema, "Mama Maua, ukitaka nitamwambia mimi." Humaidi huyo! Nikamwambia ngoja kwanza, nikarudi chumbani.

Sasa Bi Khole kaingia hapa, hakubisha hodi. Kasema, "Yule bibi wa jana hakuwa mkwe wa mtu."

Nikasema ni kweli, mama. Nilikudanganya.

"Lakini alikaa pazuri," akasema. "Mbele mtu anaona vizuri."

Katoka. Nasikia sanduku linafunguliwa. Nasikia harufu ya udi. Maua kapita mbio koridoni anapiga kelele kwamba bibi anavaa viatu, bibi anavaa viatu vya sinema.

Nje manyunyu yameanza. Mzee Mfaume yuko barazani kwetu na tasbihi yake, lazima tupite mbele ya magoti yake. Humaidi anatafuta mwavuli, hauonekani. Na mkwe wangu ananiita, si kwa kutokea uani – sauti inatoka mlango wa mbele. Anauliza, mwalimu gani huyu anayechelewa.