Kompyuta ya Gari Lililogongwa Maungu

Alhamisi, jioni. Upepo wa vumbi umevuma hapa Voi tangu asubuhi. Nimefagia sebule mara mbili na bado sakafu inakwaruza miguu. Chai imepoa mezani. Naogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu, kwa hiyo naandika.

Kesho Mama anateremka kutoka Wusi milimani kuja kusafishwa damu hapa Voi, kama kila Jumanne na Ijumaa tangu figo zake zilipochoka. Huwa nafunga duka langu la ushonaji na kwenda kumchukua. Gari lenyewe ni kuukuu, otomatiki, na nililinunua kwa ajili ya safari hizi tu. Akitoka kwenye ile mashine hana nguvu hata za kusimama stejini.

Wiki iliyopita kompyuta ya injini iliungua. Mutiso, fundi wangu kule Maungu, akanipatia nyingine kutoka kwa gari la aina hiyo hiyo lililogongwa barabara kuu. Tofauti ni ndogo, alisema, lile ni toleo la miaka minne mbele ya langu. Plagi zote ziliingia, injini ikawaka. Nilifurahi hata nikamnunulia soda.

Sikuuliza kama waliokuwa ndani ya gari lile walipona. Sasa swali hilo linanijia kila ninapogeuza ufunguo.

Shida ni hii: nikikanyaga mafuta, gari linaenda vizuri kuliko zamani. Nikiachilia, injini inazima. Na barabara ya kushuka Wusi hadi Mwatate ni ya kuachilia mafuta karibu yote. Ni kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine unaona vilele vya migomba ya watu wa chini.

Jumanne lilizima mara mbili mbele ya nyumba ya Mama kabla hatujaondoka. Nilicheka, nikasema ni baridi ya milimani. Mama akafunga mkanda, akaomba kwa sauti kama kawaida yake, tukaanza kushuka.

Likazima kwenye kona.

Usukani ukawa mzito kana kwamba kuna mtu ameushika upande wa pili. Breki nayo ikagoma kushuka, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari lilipunguza mwendo lakini halikusimama. Nilirudisha gia nyutro, nikageuza ufunguo, likawaka, tukapita ile kona tukiwa karibu sana na ukingo. Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia nimezima ili kuokoa mafuta.

Mtu mzima mimi, nikamdanganya mama yangu juu ya ukingo.

Kutoka hapo nilishuka mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta. Nakumbuka mkono wake wa kulia ulikuwa katikati ya viti vyetu, karibu na paja langu. Nilidhani amejishikilia tu. Sikuutazama, nilikuwa na barabara ya kutazama.

Leo nimefunga duka mapema nikaenda Maungu. Mutiso alifungua boneti na kunieleza taratibu. Injini yangu ikipumzika inapata hewa kupitia valvu ya kizamani. Hii kompyuta ya toleo jipya inaamuru valvu ya aina nyingine ambayo gari langu halina, kwa hiyo mguu ukitoka tu kwenye mafuta, injini inakosa hewa. Ameagiza ya mwaka wangu kutoka Mombasa. Itafika wiki ijayo. Nikamuuliza, na kesho je?

"Hiyo ni kitu ndogo, madam. Wewe usiachilie mafuta tu."

Usiachilie mafuta. Kwenye mteremko wa Wusi!

Nimerudi Voi nikiendesha kama mwanafunzi. Naogopa ile kona, nimeiota jana na juzi. Lakini Mama akikosa mashine kesho, miguu itavimba na pumzi itakuwa fupi. Niliwahi kuona hali hiyo na sitaki kuiona tena. Jirani yake Mwadime hushusha kabeji kwa pikapu alfajiri, na angembeba. Sikuwa nimemwomba, kwa sababu kumwomba ni kumwambia Mama kwamba nilidanganya.

Saa moja hivi nikashika simu, nikampigia Mama, nikamweleza yote.

"Gari lilizima mara mbili mlangoni kwangu, Mghoi. Ulidhani sina masikio?"

Nikaketi kwenye kochi.

"Ile breki ya mkono nilikuwa nimeishika tangu hapa mpaka Mwatate," akasema. "Nilijua hiyo haingoji injini, hushika hata ikizima."

Nikamuuliza kwa nini basi alipanda, kama alijua.

"Ningekuacha ushuke na nani?"

Kumbe Jumatano alishazungumza na Mwadime. Alikuwa ananingoja nipige mwenyewe. Mama anakuja alfajiri pamoja na kabeji, na atakaa kwangu mpaka kompyuta ya Mombasa ifike. Huyu ndiye mama anayesema joto la Voi ni adhabu na hajawahi kulala hapa zaidi ya usiku mmoja.

Nimemtandikia kitanda changu karibu na dirisha. Mimi nitalala kwenye kochi. Ufunguo wa gari nimeutia ndani ya kopo la sukari, nisije nikajifanya jasiri asubuhi.

Bado naogopa. Naogopa pikapu ya Mwadime, naogopa mashine, naogopa Ijumaa zote zinazokuja. Ila tangu simu ikatike nauwaza ule mkono uliokuwa karibu na paja langu njia nzima, umefunga ngumi kwenye breki. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba ni mimi ninayemteremsha.