Niliposema Mlango Ni Wako

Kopenhagen

Mdogo wangu mpenzi Mwanahawa,

Watu wengi hukosea kudhani kwamba mgeni wa kuogopwa ni yule asiyejua Kiswahili. Huyo hana madhara, asichokielewa atauliza. Wa kuogopwa ni yule anayekijua neno kwa neno, na mimi, mwalimu mzima, nimekuletea mmoja nyumbani.

Mfikishie mama shikamoo yangu, umbusu mkono. Miguu yake imepungua kuvimba? Na wewe, kifua chako? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu juzi silali. Nitakueleza kwa utaratibu, usije ukadhani nimechanganyikiwa.

Solrun, huyo mgeni uliyempa chumba cha juu, ni mtu wa Aislandi, kisiwa cha mawe meusi na barafu. Tulizoeana darasani kwangu kwa sababu ya jina. Kwao hawana majina ya ukoo. Yeye ni Solrun binti Torfi, kama wewe ulivyo Mwanahawa binti Shomari. Alipohamia mji huu alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta, akichora bahari ya kwao, na hakuna aliyemtazama. Kisha akaacha turubai, akaanza kupanga vyumba. Yaani huchukua ukumbi mtupu, akaujaza kitu kimoja, na watu wakaingia ndani ya kazi yake kama wewe unavyoingia jikoni. Safari moja alimwaga chumvi sakafu nzima, watu wakatembea peku. Magazeti yalimcheka, halafu yakamsifu, na sasa anaitwa mpaka Ujerumani.

Siku moja nilimwonyesha picha ya nyumba yetu.

"Mwalimu, mlango huu mzuri mno!"

"Ni wako, binti yangu."

"Wangu? Kweli?"

"Kweli kabisa. Nyumba yako, mlango wako."

Machozi yakamtoka. Nikajisemea, mtoto wa watu ana adabu. Mimi na wewe tunajua: mtu akiisifu kanzu yako utamwambia ni yako, naye atakujibu imempendeza mwenyewe, mambo yakaisha. Jibu hilo sikumfundisha.

Juzi nikapata kadi yake. Kiswahili safi, hakina kosa hata moja, na hilo ndilo lililonitisha: "Mwalimu, nimeuona mlango wangu. Nilimwuliza Bi Mwanahawa, naye pia akasema ni wangu! Seremala wa Mapinga ameshaupima. Ijumaa ya mwisho wa mwezi atautoa." Ijumaa hiyo ndiyo hii inayokuja.

Na wewe, Mwanahawa! Lakini nitakulaumuje, tumelelewa na mama mmoja.

Nikakimbilia posta nikakupelekea telegramu: MLANGO USITOKE. Nawe ukajibu: SITOKI NJE KUNA NINI MAMA ANAOGOPA. Kosa ni langu. "U" ya mlango na "u" ya wewe ni moja, nimewafundisha watu hilo miaka yote, na siku ya haja nikalisahau. Nilisema mlango usiondoke, wewe ukajifungia ndani na mgeni wako.

Jana nilikwenda kwenye ukumbi ilikoonyeshwa kazi yake ya mwisho, nikamwuliza mlinzi, mzee mwenzangu, vitu vyake hupelekwa wapi vikishatazamwa. Akanichukua uani. Pale palikuwa na mlango wa nyumba ya bibi yake Solrun, umepakwa chokaa, umekatwa kwa msumeno vipande saba.

"Nani kaukata?"

"Mwenyewe. Ndivyo anavyomaliza. Bibi angekuwa hai angemcharaza bakora!" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nikaketi juu ya ndoo. Niliona jina la babu, lile lililochongwa kwenye kizingiti cha juu, likipitiwa na msumeno. Nikamwona mama, ambaye macho yamekwisha, akipapasa ukuta mtupu akitafuta maua ya nakshi anayoyajua kwa vidole.

Solrun si mwovu. Kukata vile kwake ni kukiaga kitu kwa heshima. Aliwahi kunieleza, nikadhani ni maneno tu. Kwa hiyo usimzungushe, wala usimwambie inshallah au tutaona. Zote atazihesabu kuwa ndiyo. Najua unaogopa mji utasema watoto wa Shomari wametoa wakanyang'anya. Nami naliogopa hilo, ndiyo maana sikuleta telegramu nyingine isomwe na posta nzima. Lakini kwao Solrun neno hapana si tusi. Mtu huambiwa hapana, akanywa kahawa yake, akaendelea na kazi. Mpe bafta, kile kitambaa cheupe, na makaa, alitandaze juu ya mlango asugue; nakshi zote zitatokea. Hilo bafta aende nalo, alikate apendavyo.

Barua hii anaileta mwanafunzi wangu anayekuja kufanya kazi Kiwangwa. Anapanda ndege leo jioni, Alhamisi atakuwa kwako. Mlishe vizuri, ila akisifu sahani, nyamaza.

Nisalimie shemeji, mumeo, akirudi kutoka Pangani. Shangazi yetu Bi Tatu wa Kerege. Na jirani yetu Maalim Idi, anikumbuke katika dua, maana hofu imenizidi.

Leo hii unapoisoma barua, kabla hujabandika chungu, mwite Solrun, mtazame usoni, umwambie: "Hapana. Mlango hauondoki."

Kaka yako,
Hamisi bin Shomari