Kijiko Changu Kwenye Shampeni

Shoga, kitendawili! Mweupe kakaa chini ya kisima, anapumua mpaka anaisha. Usihangaike, leo sitaki mji. Ni kibonge cha sukari ndani ya shampeni.

Nimejulia wapi? Kwa mkwe mwenzangu! Mjukuu wetu kavishwa pete leo, na kinywaji cha sherehe kaombwa akitengeneze bibi yake mzaa baba. Si mimi. Mimi niliyemlea!!

Ungemwona anavyoringa. Kibonge kwenye glasi, matone ya kitu kichungu, brandi kidogo, halafu shampeni polepole, glasi kaiinamisha. Watu kimya kama wanasubiri matokeo ya mtihani.

Nikamvuta mjukuu pembeni. "Kwa nini hukuniomba mimi?" Kanitazama tu. Hakujibu!

Wivu ukanipanda mpaka utosini. Naona sukari imekaa chini, nikasema huyu hata chai hajui. Nikachukua kijiko, nikakoroga glasi ya mjukuu. Shoga, NIKAKOROGA. Povu likafura, likamwagikia gauni lake la pete.

Mkwe akasema, "Mwenzangu, hiyo haikorogwi, inaachwa ijipumulie." Kwa upole! Afadhali angenitukana.

Nikaenda kulisugua gauni jikoni, mjukuu kajifunga taulo, kasimama nyuma yangu. Mimi nasugua, machozi yako karibu. Ndipo akanijibu.

"Bibi, wewe tunakuomba kila kitu. Yule hajawahi kuombwa chochote."