Marudio ni ya Mwenye Karasha

Geita, 4 Machi 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la huku limenikaba kifua kidogo. Goti lako linaendeleaje? Na kuku wa mama mdogo, wameacha kufa?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Karatasi angalau utaisoma mpaka mwisho. Nimempa kondakta kompyuta yangu akuletee. Imekataa kuwaka tangu Ijumaa. Waranti haijaisha, na Nazir aliyeniuzia yuko hapo mjini kwako. Mwambie kweli: mwaka jana niliifungua nikaiwekea diski kubwa na memori kubwa. Vile vidogo ilivyokuja navyo vimo kabatini kwako, kwenye soksi nyekundu.

Najua hukipendi kitabu changu. Lakini kimo humo, na mchapaji wa Mwanza anakitaka kabla ya Idi. Nakala niliyo nayo pembeni ni sura mbili tu.

Mwanao,
Zuhura

Ibadakuli, Shinyanga, 9 Machi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Goti linalia kama mlango wa ghala. Kuku wamebaki watatu, wote majogoo.

Nazir kwanza alikataa. "Sili imekatwa, Mzee Sufiani. Waranti imekufa." Nikamwuliza: mpangaji akinunua kitanda kikubwa, mwenye nyumba anaacha kuziba paa linalovuja? Wateja wakacheka. Akapiga simu Dar, wakamjibu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, nao wataitengeneza.

Basi nikaenda na soksi yako kwa fundi Ngusa, pale stendi. Akatoa vikubwa, akarudisha vidogo. Akaniuliza vilivyotoka avifunge wapi. Nikamwambia mbele ya watu: "Mimi nilikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Katoro miaka ishirini. Mtu akishasagiwa mawe yake na kuchukua dhahabu, mchanga unaobaki, marudio, ni wa mwenye karasha. Baki navyo." Akafurahi, hata ufundi hakunidai.

Kompyuta imeondoka jana. Na kuhusu kitabu: kuandika kwamba wenye karasha tuliwaibia wanawake waponda mawe ni uongo. Ile ilikuwa desturi, na kila mtu aliijua kabla hajaleta mfuko wake.

Baba yako,
Sufiani

Geita, 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuombea swaumu njema. Nisamehe, salamu za leo ni fupi.

Kitabu hakikwenda Dar. Kimo kwenye ile diski kubwa uliyomwachia Ngusa. Kompyuta bila diski ile ni ganda tu. Kati ya wanawake walionisimulia, wawili wameshafariki. Hao siwezi kuwauliza tena.

Sikuulizi kama ulijua. Nakuuliza hivi: unaikumbuka sura ya tatu, ile iliyokufanya unifukuze sebuleni? Niliandika kwamba dhahabu nyingi hubaki kwenye marudio, na kwamba wenye karasha mlijua.

Zuhura

Geita, 22 Machi

Baba, shikamoo. Kimya chako kirefu. Kama ni goti, niambie. Kama ni hasira, niambie pia.

Z.

Ibadakuli, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Si goti wala hasira. Sikujua kwamba kitabu kimo kwenye diski, na sikutaka kukujibu mikono mitupu.

Ngusa alikuwa amehamia Maganzo. Nikamfuata, na swaumu yangu. Kibanda kimejaa wanunuzi wa almasi wanachaji simu, diski iko mezani.

"Mzee, marudio ni yangu. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Lakini mna kazi ya mwanangu humo."

"Mama yangu naye alikuambia mna jasho lake humo. Melania, wa Katoro. Alikuomba ndoo moja tu ya marudio yake. Ulimjibuje?"

Zuhura, nilimkumbuka. Nilimjibu kwamba asiyetaka karasha yangu akasage kwa meno yake. Siku ile watu walicheka sana. Maganzo hakucheka mtu.

Nikasema mbele yao wote: marudio ni ya mwenye mawe. Yale yalikuwa ya mama yako.

Akaipangusa diski vumbi, akanipa. "Memori nimeshaiuza," akasema. "Hiyo ndiyo ndoo ya mama."

Diski inakuja na kondakta yule yule, nimeifunga ndani ya kilemba changu.

Baba yako

Geita, 3 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Kompyuta imerudi, nimeirudishia diski kubwa, na inawaka. Kwa ile memori ndogo inajikokota kama ng'ombe aliyetoka kulima, lakini kitabu kimo chote.

Sura ya tatu nimeiongezea yaliyotokea Maganzo. Wewe nimekuandika "mwenye karasha mmoja". Ukitaka niyatoe kabisa, nitayatoa. Mchapaji anapokea Jumatatu.

Mwanao,
Zuhura

Ibadakuli, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Jogoo mmoja tumemweka kwa ajili ya Idi, uje.

"Mwenye karasha mmoja" ndiye nani? Tulikuwa wengi, tutasukumiana. Andika Sufiani wa Katoro. Jina la Melania litangulie.

Na ile ya meno usiifute.

Baba